Mwenye Nyumba Yuko Bukoba

Kamachumu, Muleba
11 Februari 2025

Mume wangu mdogo Derick,

Nakuandikia kwa sababu simu na masikio yangu wameachana, na hizo meseji zenu sizioni hata nikivaa miwani juu ya miwani. Karatasi haijawahi kunigombeza. Barua hii anakuletea Riyadhi wa lori la soda. Jibu lako mpe yeye, anapita hapa kila wiki na ukimpa ndizi hakatai kazi.

Mimi mzima. Mguu unauma ukitaka, ukichoka unaacha. Kibanja kinakuhitaji. Migomba ya upande wa juu imeanza kuegemeana kama walevi wanaotoka kilabuni. Babu yako mdogo Damian alipita juzi, akasimama pale mpakani, mikono nyuma, akasema, "Shemeji, shamba la kaka linalia." Nikamwambia, "Linalia kwa sababu limekuona wewe." Akaondoka akicheka, lakini unajua kicheko chake. Kina meno mengi.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Pensheni yangu ya ualimu imeingia kama kawaida. Ile nyongeza ya kaya, wanayotupa wastaafu tuliovuka miaka sabini na mitano, haikuingia. Mwezi uliopita nilisema labda sikukuu zimewalewesha. Na mwezi huu je? Vestina jirani yangu naye hakupata, na yule mzee aliyekuwa bwana afya naye hivyohivyo.

Unajua nyongeza hiyo kwangu ina jina. Inaitwa Klaudia. Ndiye anayeshuka bondeni kuteka maji, anayemenya ndizi, anayeniosha mgongo na kunifunga kiatu siku ya Misa. Ikikatika, Klaudia atakwenda kwa mwingine mwenye uwezo, nami sitamlaumu, ana watoto.

Wewe uko kwenye ofisi hiyohiyo inayoshughulika na mambo yetu. Wengine hapa wanatafuta mtu wa kumjua, mimi mtu huyo nilimbeba mgongoni. Ulizia.

Bibi yako,
Mwl. Felicitas


Bilele, Bukoba
17 Februari 2025

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, Riyadhi alinikabidhi getini mbele ya watu, nami nikaiweka mfukoni haraka. Nakuomba mwambie siku nyingine aniletee nyumbani Bilele baada ya kazi. Si vizuri ofisini waone napokea barua kutoka Muleba kipindi hiki.

Kuhusu nyongeza, ni kweli kuna mabadiliko. Siwezi kueleza yote kwa sababu mambo ya ofisi yana taratibu zake, na mimi bado ni karani wa mkataba wa muda, tena niko kwenye kipindi cha majaribio. Nitaulizia taratibu, bila kutaja jina.

Ila nikuulize jambo moja. Yule dada aliyekuja kufanya uhakiki mwezi wa kumi na moja, Evelyne, ulimjibu nini? Nieleze kama ilivyokuwa, hasa swali la mkuu wa kaya.

Barua hii ukiisoma, tafadhali usimwonyeshe mtu.

Mjukuu wako mtiifu,
Derick Rutaihwa


Kamachumu
25 Februari 2025

Mume wangu mwoga,

Barua yako nimemwonyesha Vestina, maana yeye si mtu, ni Vestina. Amecheka mpaka akapaliwa. "Bila kutaja jina! Sasa ataulizia nyongeza ya nani, ya Papa?"

Unataka kujua nilimjibu nini Evelyne. Binti mwenye adabu, alivua viatu mlangoni. Akakaa, akafungua kile kishikwambi chake, akaniuliza karibu na sikio, "Bibi, mkuu wa kaya hii ni nani?"

Nikamwambia, "Derick Rutaihwa."

"Ni nani yako?"

"Mjukuu wangu. Ndiye omusika, mrithi wa nyumba. Babu yake alipofariki, na baba yake alikuwa ametangulia, ukoo ulimkalisha yeye kwenye kigoda, wakamkabidhi muhoro wa kukatia migomba. Nyumba hii ni yake, mimi nimekaa kwake."

"Ana umri gani?"

"Ishirini na sita."

"Anafanya kazi?"

"Karani wa serikali, Bukoba," nikasema, na nakiri nilisema kwa sauti kubwa kidogo ili Damian asikie, maana alikuwa anapita pita nyuma ya nyumba.

"Anakaa hapa?"

"Mwanangu, mtu anakaa wapi kama si kwake? Chumba chake kile pale."

Akaandika, akanishukuru, nikampa mkungu wa ndizi tamu. Vestina naye alimtaja mwanawe Ildefons, ambaye alikwenda Mwanza na hajarudi tangu darasa la saba lifutiwe ada. Bwana afya alimtaja wa kwake aliyeko Afrika Kusini, au gerezani, habari zinatofautiana. Sote tulijibu vizuri. Kwa hiyo sielewi kosa liko wapi.

Klaudia anakuja bado, ingawa hajalipwa. Jana alisema mwanawe ametakiwa sare mpya shuleni. Alisema tu, hakuomba. Hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Bibi


Bilele
4 Machi 2025

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nyingi. Sasa nitakueleza, na nakuomba safari hii hata Vestina asijue.

Kuna waraka kutoka juu. Fedha zimepungua, kwa hiyo nyongeza ya kaya inabaki kwa mstaafu anayeishi peke yake tu. Kaya yenye mtu mzima mwenye uwezo wa kufanya kazi inaondolewa, kwa maelezo kwamba huyo mtu ndiye atakayemtunza mstaafu. Ninyi wote mmeondolewa kwa sababu mliwataja wasika wenu. Katika kumbukumbu za ofisi wewe unaishi na mwanaume wa miaka ishirini na sita mwenye mshahara. Mshahara huo unaujua. Nikilipa chumba na chakula, na mkopo wa chuo ukakatwa, kinachobaki ndicho kile ninachokutumia.

Dawa yake ni rahisi. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, useme kwamba unaishi peke yako na kwamba nyumba haina mtu mwingine. Atakuandikia, itasomwa mbele ya jirani mmoja shahidi, italetwa huku. Ni maneno tu, Bibi. Sema "naishi peke yangu." Na ndio ukweli, kwa sababu mimi naishi Bilele.

Ninatuma na Riyadhi mafuta ya kula, sabuni, na kitu kidogo cha Klaudia.

Mjukuu wako,
Derick


Kamachumu
13 Machi 2025

Derick,

Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi, na sijawahi kuona mwanafunzi anayefaulu mtihani halafu anasahau kwao kunaitwaje.

"Ni maneno tu." Wewe uliyekalishwa kwenye kigoda kwa maneno tu! Walikuambia, "Rutaihwa amelala, Rutaihwa ameamka," ukaitikia, na kwa itikio hilo Damian akakosa kibanja alichokuwa anakipima kwa macho tangu babu yako anaanza kukohoa. Mjane akisema mbele ya shahidi kwamba nyumba yake haina mwanaume, maana yake ni nini kwetu? Unaijua. Ni kusema omusika amekufa au amejiondoa. Na jirani shahidi atakuwa nani, kama si Damian, ambaye mpaka wake uko hatua chache kutoka mlango wangu? Kabla wino haujakauka atakuwa ameshaita ukoo.

Na nyuma ya nyumba hii amelala babu yako, na baba yako, na nafasi yangu nimeshaionyesha. Unataka niombe ruhusa ya Damian nikalale hapo?

Tena nisingekuwa nasema kweli. Siishi peke yangu. Naishi kwa mjukuu wangu aliyeko Bukoba. Kwamba haji ni jambo jingine.

Lakini sikuandika ili nikugombeze tu. Fikiria, wewe uliyesoma. Kosa si letu, kosa ni la swali. Ukimwuliza Mhaya mwenye nyumba ni nani, atakutajia omusika hata kama yuko Ulaya. Ukimwuliza nani alilala humu jana, atakwambia, "Mimi na paka." Hao wakubwa wako hawajui, mkuu wako umeniambia kwao ni Tanga. Nani atamwambia kama si wewe? Simama siku moja kwenye kikao useme sentensi hiyo moja: tubadilishe swali. Hutamwibia mtu, hutadanganya. Watarudi wazee wote, wala si mimi tu, na nyumba zao zitabaki na wenyewe.

Sentensi moja, mume wangu. Ulizungumza mapema kuliko watoto wote wa ukoo huu. Majirani walikuwa wanakuja kukusikiliza.

Klaudia amepata kazi kwa wale wanaojenga karibu na kanisa. Usijali, ninajiweza.

Bibi


Bilele
28 Machi 2025

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilitaka nikuandikie baada ya kikao ili nikupe habari njema.

Kikao kilikuwa jana. Bi Asha, mkuu wetu, si mtu mbaya. Alishika takwimu za wilaya zote akasema, "Jamani, huko Muleba kuna nini? Wastaafu karibu wote wanaishi na watoto wakubwa wenye nguvu, halafu wanaandika malalamiko kwamba hawana wa kuwatekea maji. Kuna anayejua?"

Bibi, aliuliza mwenyewe. Sentensi yako nilikuwa nimeikariri. Nikasogeza kiti. Jamali, mwenzangu wa meza ya pili, akawahi: "Mama, Wahaya hao! Ukimwuliza hali yake atakutajia mtoto wake aliye ofisini. Wanajisifu mpaka wanajikatia nyongeza." Chumba kizima kikacheka.

Nami nilicheka.

Nataka uelewe jambo moja. Aliyekalia kiti changu kabla yangu alimrudisha shangazi yake kwenye malipo. Pengine shangazi alistahili, sijui. Aliondoka ofisini amebeba vitu vyake kwenye boksi, na askari akimsindikiza. Mpaka leo Sumaiya wa masijala akitaka kututisha hulitaja jina lake. Nikisimama kuwatetea wazee wa Muleba, swali la kwanza litakuwa, "Una nani huko?" Na jina langu si liko hapo, kwenye kumbukumbu za kaya yako? Rutaihwa, karani wa serikali, Bukoba. Watasema nilikuwa najipigania. Mkataba wangu unaisha Juni.

Nimepanga kumwona Bi Asha peke yake, nikipata nafasi nzuri. Nivumilie.

Derick


Kamachumu
6 Aprili 2025

Kwa Derick wa marehemu Rutaihwa,

Anayesema ni mimi Vestina, anayeandika ni Riyadhi, kwa hiyo mwandiko mbaya usinilaumu mimi. (Mwandiko wangu hauna shida. R.)

Bibi yako amekataza tusikuambie, ndiyo maana nakuambia. Siku ya Jumanne mvua ilikuwa imenyesha, akashuka bondeni na ndoo. Nani alimtuma? Kiu. Njia imekuwa utelezi, akaanguka, akaukalia mkono wa kulia. Waliomwona ni watoto wa shule. Hospitali wamemfunga plasta mpaka kiwiko. Ndiyo maana hajakuandikia, si kwamba amekasirika. Ingawa amekasirika.

Mimi namsaidia, lakini na mimi nina miaka themanini, tunasaidiana kama vipofu wawili wanaovushana barabara. Usiku huo wa kwanza Damian alikuja na uji. Uji! Tangu lini Damian anapika uji? Akaketi sebuleni mahali pa babu yako, akanyoosha miguu, akasema, "Nyumba hii ingekuwa na mtu, haya yasingetokea." Bibi yako akamwambia kwa maumivu yake yote, "Ina mtu. Toa miguu yako njiani kwake."

Mimi wangu Ildefons sijui kama yu hai, nikimtetea natetea hewa. Wewe uko hai, saa mbili kwa gari. Unaogopa nini huko ambacho ni kikubwa kuliko bonde hili?

Nimemaliza. (Na mimi nasema hivyohivyo, bro. R.)

Vestina


Bilele
9 Aprili 2025

Bibi,

Shikamoo, na pole, pole sana. Vestina ameniambia. Natamani nije, lakini likizo haziruhusiwi mpaka uhakiki wa marudio uishe, na ukiomba ruhusa lazima uandike unakwenda kwa nani.

Kuna jambo sikukuambia, na tangu nisikie habari ya mkono wako haliniachi nile. Kabla ya kumwondoa mstaafu yeyote, tulitakiwa tumpigie simu kuthibitisha majibu yake. Asiyepatikana alibaki kama alivyoandikwa. Muleba niligawiwa mimi. Wengine niliwapigia wote. Nilipofika kwenye namba yako Jamali alikuwa amesimama nyuma yangu akisubiri chaja yake. Nilijua ukipokea hutasikia, na nitalazimika kupiga kelele, na utaniita vile unavyoniita. Nikaandika "hakupokea." Sikupiga.

Nilidhani nitalirekebisha baadaye.

Ninatuma fedha yote niliyonayo. Mtafute Klaudia.

Derick


Kamachumu
2 Mei 2025

Derick,

Naandika kwa mkono wa kushoto, vumilia. Niliwahi kumchapa mtoto kwa kuandika kwa mkono huu. Mungu ana kumbukumbu.

Nimeielewa barua yako. Kwa hiyo uziwi wangu ulikufaa. Ni vizuri kuwa na kitu kinachofaa wengine uzeeni.

Fedha uliyotuma nimempa Klaudia, amekuja asubuhi tatu, ikaisha. Mtendaji ametangaza kanisani kwamba uhakiki wa marudio utapita hapa mwishoni mwa mwezi, na kwamba safari hii atakuja mkubwa mwenyewe. Nimefurahi. Nitamwambia mimi hiyo sentensi. Nitamwambia hapohapo mbele ya Damian: nyumba ina mwenyewe, mwenyewe yuko Bukoba, hapa nalala mimi na paka. Akiwa mtu ataelewa.

Usimwone tena faraghani, utajichosha. Nitasema mwenyewe.

Bibi


Bilele
22 Mei 2025

Bibi,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, Riyadhi ananisubiri.

Wamenipanga mimi. Jumatano ijayo nitakuja Kamachumu na Bi Asha kwenye gari la ofisi. Nitakuwa nasoma maswali na kuandika. Nilijaribu kubadilishana na Jamali, akauliza sababu, nikamwambia basi.

Mkataba wangu wataujadili wiki inayofuata.

Bibi, nakuomba jambo ambalo sijui nitakuombaje msamaha wake. Tukifika, usiniite mume wangu. Usiniite jina lolote. Usiseme chochote kuhusu omusika wala kigoda, kwa sababu ukimtaja Rutaihwa wa Bukoba, Bi Asha ataangalia kitambulisho changu kifuani. Nijibu kama unavyomjibu mtu usiyemjua. Nikiuliza kama kuna mwanaume, sema hakuna. Nyongeza itarudi, nitahakikisha. Klaudia atarudi. Mkono utapona. Na mimi nikishapata ajira ya kudumu, nitakuja nikae mbele ya ukoo nieleze yote, Damian atake asitake.

Ni siku moja tu.

Derick


Kamachumu
24 Juni 2025

Ndugu Derick,

Nyongeza imeingia, pamoja na ya miezi iliyopita. Nakujulisha kwa sababu ni kazi yako kujua. Klaudia amerudi, ndiye amenishikia karatasi hii isiteleze. Vestina hakupata. Aliulizwa akasema tena, "Naishi kwa Ildefons." Anasema hawezi kumuua mtoto kwa mdomo wake kwa ajili ya sabuni.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa nafikiri kama nilikosea kukujibu vile nilivyokujibu. Sijakosea. Nitakuandikia ilivyokuwa, maana wewe ulikuwa umeinamisha kichwa, huenda hukuona.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa gauni la kustaafia. Sentensi nilikuwa nayo. Barua yako ya kuniomba nikae kimya nilikuwa nimeitia mekoni, nikisema, mtoto anaogopa akiwa mbali, akiingia ndani ya nyumba hii akaiona picha ya babu yake ukutani, atapata sauti. Sikuhitaji unitetee. Ungesema tu, "Bi Asha, huyu ni bibi yangu," mengine ningesema mimi.

Bi Asha aliingia kwanza, akanisalimu kwa magoti, akauliza, "Bibi, mkono umefanya nini?" Nikamwambia, "Ndoo ilinishinda." Akasikitika kweli, nilimwona. Damian alikuwa ameshakaa karibu na mlango kama shahidi, amevaa koti. Wewe ukaingia wa mwisho. Ukakaa kwenye benchi la wageni. Sikukuonyesha ukae hapo, ulilichagua.

Ukasoma, "Mstaafu, jina lako kamili?"

Jina langu. Nikakupa.

"Je, katika kaya hii kuna mwanaume mwenye uwezo wa kufanya kazi?"

Nikakungoja. Nilikutazama mpaka kope. Damian naye alikutazama, anakujua vizuri, na alikuwa anatabasamu. Ulikuwa unaangalia kile kishikwambi kana kwamba jibu litatokea humo. Bi Asha akadhani sijasikia, akakuambia, "Rudia, karibu na sikio." Ukainama. Nikahisi pumzi yako shavuni. Hapo ungeweza kuninong'oneza hata neno moja kwa Kihaya, Bi Asha asingelielewa. Ukasema kwa Kiswahili safi, "Mstaafu, kuna mwanaume katika kaya hii?"

Nikasema, "Hakuna."

Bi Asha, kwa huruma yake, akauliza, "Hata mjukuu, Bibi?"

"Nilikuwa naye."

"Pole. Alifariki?"

"Hapana. Aliajiriwa."

Dereva alicheka. Bi Asha hakucheka. Aliiangalia ile picha ya pili ukutani, uliyopigwa wewe siku ya kigoda, kisha akakuangalia wewe kwa muda mrefu. Nadhani ulikuwa unaandika.

Usifikiri nilisema uongo ili unipatie fedha. Miezi yote ile nilikataa kusema hakuna mwanaume, kwa sababu ulikuwa uongo. Siku ile niliulizwa na wewe mwenyewe, na ulipouliza, ikawa kweli.

Damian hakusubiri gari lenu lipite kona. Jumapili ukoo ulikaa hapa uani. Walisema mjane ametamka mbele ya serikali, tena omusika mwenyewe ndiye aliyeandika. Nani angebisha? Kibanja wamempa kijana wa Damian. Nimeruhusiwa kukaa humu mpaka nife, ndivyo walivyosema, nimeruhusiwa. Kijana alitaka ahamie mara moja. Nikawaambia akilala humu hata siku moja nyongeza itakatwa, nao watalazimika kunitekea maji. Walinielewa haraka sana. Kwa hiyo nalala mimi na paka, kama waraka unavyotaka.

Nasikia mkataba wako umeongezwa. Riyadhi ameniambia. Hongera.

Ninalolikumbuka zaidi si swali lako. Ni lile la mwisho, mlipokuwa mnajiandaa kuondoka. Nilileta kahawa ya kutafuna kwenye kibakuli, kwa mkono wangu huu mmoja, kama desturi inavyotaka kwa wageni. Mwenye nyumba hakaribishwi kahawa kwake, yeye ndiye hukaribisha, na hata mtoto mdogo wa Kihaya akisogezewa kibakuli nyumbani kwao hukisukuma upande wa mgeni. Bi Asha alichukua. Dereva alichukua. Damian nikampita. Nikakusogezea wewe, nikashikilia, nikaendelea kushikilia.

Ulinyoosha mikono yote miwili, ukachukua punje mbili, ukasema asante.

Felicitas